Je, Wajua? Usalama wa Watoto Waendesha Baiskeli Ulidaiwa kwa Maandamano

Uholanzi leo, mzazi humpeleka mtoto chekechea akiwa kwenye kiti kidogo nyuma ya usukani, au huwapakia wawili watatu katika sanduku lililo mbele ya baiskeli ya mizigo. Je, wajua kwamba usalama huo ulipiganiwa? Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000 nchini humo, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake ajalini, aliandika makala iliyozaa vuguvugu la Stop de Kindermoord, yaani “Komesheni Mauaji ya Watoto”. Wazazi na watoto wao waliingia barabarani kudai mitaa salama na njia za baiskeli zilizotengwa na magari. Walikuwa na haki kabisa, na njia zikajengwa.

Siku hizi, watoto wengi wa Uholanzi huanza kujifunza kuendesha kwa kibaiskeli kisicho na pedali, wakijisukuma kwa miguu. Hapo hujifunza kwanza kutoanguka, ambako ndiko kugumu. Pedali huja baadaye. Wakikaribia kumaliza shule ya msingi, wengi hufanya mtihani wa usalama barabarani, na sehemu ya vitendo hufanyika juu ya baiskeli, katika barabara halisi.