Redio ya gari: Chunguza chanzo cha sauti kabla ya kununua spika mpya

WENYE magari wengi, pindi wanapobaini kwamba muziki ndani ya magari yao hausikiki vizuri, hukimbilia dukani kununua spika kubwa zaidi au amplifaya yenye nguvu. Fedha hutumika, milango ya gari hufunguliwa, nyaya hukatwa na kuungwa upya, lakini baada ya siku chache malalamiko huwa yale yale: sauti inakwaruza, besi inavuma ovyo na maneno ya mwimbaji hayaeleweki.

Sababu yake si ngumu kueleza. Spika haiwezi kutoa sauti iliyo bora kuliko ile iliyoipokea, na amplifaya hukuza kila kinachoingia, uzuri pamoja na kasoro. Chanzo cha sauti kikiwa na mikwaruzo, kazi ya spika mpya itakuwa kuitoa mikwaruzo hiyo waziwazi zaidi.

Katika magari yanayotembea Afrika Mashariki, chanzo hicho chaweza kuwa redio ya FM au AM, CD, flashi, simu iliyounganishwa kwa waya au kwa Bluetooth, au kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti na kurusha muziki kwa mawimbi ya FM. Magari machache ya zamani yangali na mashine za kaseti. Kila chanzo kina njia yake ya kusafirisha sauti, na kila njia ina mahali inapopoteza kitu.

CD kama kipimo

Ili kulinganisha vyanzo hivyo, ni vyema kuanza na CD, ambayo kampuni za Sony na Philips ziliileta sokoni mwaka 1982 na ikaanza kuingia katika magari mwaka 1984. CD hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, kwa upande wa kushoto na wa kulia, na kukihifadhi kila kipimo kwa biti 16. Kiwango hicho chatosha kubeba sauti zote ambazo sikio la mwanadamu laweza kuzisikia, tangu mvumo wa chini kabisa hadi mlio mwembamba wa kilohezi 20. Tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa kabisa inayoweza kubebwa ni takriban desibeli 96.

Kaseti, iliyotambulishwa na Philips mwaka 1963, haikuweza kufikia hapo. Utepe wake hutembea polepole, sentimita 4.76 kwa sekunde, na daima huacha mchirizo wa kelele nyuma ya muziki. Jua la kwenye dashibodi hudhuru utepe, vumbi hufunika kichwa cha kusomea, na mkanda uliochoka huifanya sauti iyumbe, ikipanda na kushuka.

Hata hivyo, CD haifanyi miujiza. Nyimbo nyingi za bendi za zamani zilizopendwa Tanzania ziliwafikia wasikilizaji kupitia kaseti, na baadhi ya CD zinazouzwa mitaani zimechomwa kutokana na kaseti hizo hizo. CD ya namna hiyo hubeba kwa uaminifu mkubwa kila kelele iliyokuwa kwenye utepe. Anayeilinganisha na flashi kisha akahukumu kwamba CD haina ubora, anakosea kumtambua mkosaji.

Redio za Kijapani na masafa ya FM

Redio ya AM ndiyo yenye upeo mdogo zaidi wa sauti. Vituo vyake katika Afrika hupangwa kwa umbali wa kilohezi 9 kati ya kimoja na kingine, hivyo sauti inayopita bila kuingiliana na jirani huishia karibu kilohezi 4.5. Hapo taarifa ya habari husikika barabara, lakini matoazi na nyuzi nyembamba za gitaa hufifia. FM hubeba hadi kilohezi 15, tena kwa stereo, na ikipokewa vizuri hukaribia sana ubora ambao msikilizaji wa kawaida anauhitaji.

Tatizo la FM katika ukanda huu mara nyingi halianzii kituoni bali katika gari lenyewe. Magari mengi ya mitumba huletwa kutoka Japani, nchi ambayo FM yake kwa miaka mingi iliishia megahezi 90, ikianzia 76. Masafa ya 90 hadi 108, ambayo kwingineko ni ya redio, huko yalitumiwa na chaneli za kwanza za televisheni ya analojia. Matangazo hayo yalizimwa katika sehemu kubwa ya nchi mwaka 2011, na tangu mwaka 2014 redio za FM zimeongezewa nafasi hadi megahezi 95. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia masafa ya 87.5 hadi 108. Kwa sababu hiyo, redio ya zamani ya Kijapani hupata vituo vichache tu vilivyo chini ya 90.

Ufumbuzi ambao mafundi wengi huutoa ni ekspanda, kiboksi kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio. Kazi yake ni kuyashusha masafa kwa idadi maalumu ya megahezi. Ekspanda inayoshusha megahezi 12, kwa mfano, hufanya kituo cha 98.0 kisikike mahali palipoandikwa 86.0. Lakini redio inayoishia 90 itapata vituo vya hadi 102 tu, na vilivyo juu ya hapo vitabaki nje. Aidha, kila masafa yanapobadilishwa huongezeka kelele, na ekspanda duni huweza kukipandisha kituo kimoja juu ya kingine. Mwenye gari husikia mikwaruzo na kudhani kwamba spika zimechakaa.

Katika hali hiyo, redio mpya inayopokea hadi 108 ina faida kubwa kuliko spika za thamani. Kwa upande wa AM hakuna haja ya ekspanda, kwa kuwa Japani nayo hupanga vituo vyake kwa umbali wa kilohezi 9.

Flashi: kilichomo ndani ndicho muhimu

Flashi ikichomekwa kwenye redio, sauti hubaki katika hali ya dijitali hadi ndani ya redio yenyewe, na hakuna wimbi wala waya wa nje wa kuichafua. Kwa hiyo swali si flashi ni ya aina gani, bali mafaili yaliyomo yalitengenezwaje.

Wimbo wa dakika nne uliomo kwenye CD huchukua takriban megabaiti 42. Ukibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hubaki megabaiti zisizofika 4, na kwa kilobiti 320 huwa karibu megabaiti 10. Mfumo huo hupunguza ukubwa kwa kuacha yale ambayo sikio halitarajiwi kuyatambua. Katika kilobiti 128, mara nyingi sauti zilizo juu ya kilohezi 16 hukatwa, na matoazi au makofi huanza kusikika kama maji yanayotiririka. Katika kilobiti 320, watu wengi hushindwa kuitofautisha na CD.

Ikumbukwe pia kwamba kilichotupwa hakirudi. Faili la kilobiti 128 likibadilishwa kuwa la 320 huongezeka ukubwa tu, si ubora. Ndivyo ilivyo kwa nyimbo nyingi zinazochotwa kutoka kwenye video za intaneti, kubadilishwa kuwa MP3, kisha kuingizwa kwenye flashi za kuuza. Maandishi ya 320 kwenye jina la faili si ushahidi wa chochote.

Simu: kwa waya au kwa Bluetooth

Simu iliyounganishwa kwa waya wa AUX hubadilisha muziki kuwa wa analojia kabla ya kuutuma kwenye redio. Njia hii ni nzuri, lakini ina kasoro moja inayowasumbua madereva wengi: mlio mwembamba unaopanda kadiri injini inavyozunguka kwa kasi. Mlio huo hutokana na umeme wa alteneta, nao hujitokeza hasa simu inapochajiwa kwa umeme wa gari huku ikicheza muziki. Kuuthibitisha ni rahisi: waya wa chaji ukichomolewa na mlio ukatoweka, chanzo kimejulikana. Simu yaweza kuchajiwa kwa pawabanki, au fundi akafunga kichujio kidogo kwenye waya wa sauti.

Kiasi cha sauti kwenye simu nacho kina athari. Kikiwa chini mno, redio hulazimika kukuza kelele pamoja na muziki. Kikifikishwa mwisho kabisa, baadhi ya redio huzidiwa na sauti huanza kupasuka. Kati ya asilimia 80 na 90 ndipo panapofaa kwa simu nyingi.

Bluetooth haina mlio wa alteneta kwa sababu haitumii waya. Badala yake hubana muziki. Mfumo wa SBC, ambao kila kifaa cha muziki cha Bluetooth sharti kiwe nao, hutumia kwa kawaida kilobiti zipatazo 328 kwa sekunde, ilhali CD huhitaji 1,411. Wimbo wa MP3 unaopitia hapo huwa umebanwa mara mbili. Kwa faili zuri tofauti ni ndogo. Kwa faili lililokwisha kuharibiwa, kasoro huongezeka. Pia kuna redio za zamani ambazo Bluetooth yake ni ya kupokelea simu tu. Muziki ukipitishwa huko husikika kama mtu anayeimba kwenye simu.

Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB, katika redio zinazokubali mfumo huo, hutuma sauti ikiwa bado dijitali, na hivyo huepuka kasoro za AUX na za Bluetooth kwa pamoja.

Transmita ya kwenye kiberiti

Kifaa kinachohitaji tahadhari kuliko vyote ni transmita ya FM. Huupokea muziki kutoka kwenye simu au flashi, huurusha kwa nguvu ndogo mno, na redio ya gari huudaka kana kwamba ni kituo. Nguvu hiyo ni ndogo kwa makusudi. Uingereza, kwa mfano, ilipovihalalisha vifaa hivyo Desemba 2006 iliweka ukomo wa nanowati 50, ili visiwasumbue wasikilizaji wa jirani.

Katika mji wenye vituo vingi, nafasi iliyo wazi ni adimu. Gari likihama mtaa mmoja kwenda mwingine, kituo halisi huweza kuufunika muziki. Katika redio ya Kijapani isiyo na ekspanda hali ni ngumu zaidi, kwani transmita nyingi huanzia 87.5 na redio huishia 90. Megahezi mbili na nusu tu ndizo zinazobaki kwa kujificha.

Barabarani mambo hubadilika

Ulinganisho wowote unaofanywa gari likiwa limeegeshwa unaeleza nusu tu ya ukweli. Ndani ya gari dogo linalokwenda kilomita 100 kwa saa, kelele za matairi, upepo na injini huweza kufikia desibeli 70. Desibeli 96 za CD hazina pa kuenea hapo, na tofauti kati ya kilobiti 320, Bluetooth na CD humezwa na lami.

Kasoro zisizomezwa ni zile zinazokatiza: mikwaruzo ya FM, mlio wa alteneta, sauti iliyopasuka na kituo kinachoingilia. Hizo ndizo zinazomlazimisha dereva kuongeza sauti ili asikie maneno, na hapo suala huacha kuwa la burudani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ya desibeli 90 isizidi saa 4. Dereva wa teksi au daladala huweza kuzimaliza saa 4 hizo kabla ya mchana wa siku moja. Sauti hiyo hiyo humzuia kusikia honi na king'ora cha gari la wagonjwa.

Namna ya kulinganisha

Anayetaka kujua tatizo la gari lake hahitaji mashine. Achague wimbo mmoja anaoufahamu vyema, wenye sauti ya mwimbaji na vyombo halisi. Taarabu yenye fidla na kanuni yafaa sana. Auweke katika flashi na katika simu, kutokana na faili lile lile. Ekwalaiza irudishwe katikati, na vikuza besi vizimwe.

Kwanza asikilize ukimya, redio ikiwa imewashwa na wimbo umesimamishwa, injini ikiwa imezimwa kisha ikiwa inanguruma. Kelele yoyote itakayosikika hapo si ya wimbo. Baadaye abadilishe vyanzo kimoja baada ya kingine, akihakikisha sauti ina ukubwa ule ule, kwa kuwa sikio hudanganyika kirahisi na huiona sauti kubwa zaidi kuwa ndiyo bora. Ni vizuri mtu mwingine awe ndiye anayebadilisha, msikilizaji asijue ni zamu ya chanzo kipi.

Flashi yenye faili zuri ikisikika safi huku FM ikikwaruza, mtuhumiwa ni antena, ekspanda au redio. AUX ikilia na flashi ikatulia, ni waya au chaji. Vyanzo vyote vikipasuka kwa namna moja, hata kwa sauti ya wastani, hapo ndipo mwenye gari anapokuwa na sababu ya kwenda kununua spika.