Chanjo ya Kichanga: "Tutaenda Wiki Ijayo"

Binti yangu alizaliwa siku nne kabla ya UE kuanza. Mimi nipo mwaka wa tatu. Mama yake alimaliza mwaka jana, na baada ya kujifungua alikwenda kwao ili mama yake awalee yeye na mtoto. Mimi huku hosteli nikawa baba wa kwenye simu.

Siku zile tulifanya uamuzi mmoja bila hata kujua kwamba tunaufanya. Nauandika hapa kwa sababu humu chuoni wazazi tupo wengi kuliko tunavyojitangaza.

Ilikuwa hivi. Mwenzangu aliruhusiwa Jumapili. Muuguzi akamwambia chanjo za kuzaliwa zinatolewa Alhamisi, arudi. Alhamisi ikafika, mama mkwe akasema mtoto hatoki nje mpaka arobaini. Nikapigiwa simu: "We unasemaje?" Nami nina maswali ya mwaka juzi mkononi, akili haipo kabisa, nikajibu, "Msikilize mama, tutaenda wiki ijayo." Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine.

Sasa angalia: hapo hakuna aliyekataa chanjo. Ila mtoto alikuwa hajachanjwa.

Nilipomaliza mtihani wa mwisho nikamtafuta rafiki yangu anayesoma uuguzi. Nikamuuliza: kwani hizi tarehe zimepangwaje, na tukichelewa kuna shida gani? Haya ndiyo niliyoelewa.

Tuanze na ile Alhamisi. Kichupa kimoja cha BCG kina dozi 20. Ni unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na ukishachanganywa, kinachobaki baada ya masaa 6 kinamwagwa. Kwa hiyo vituo vingi hupanga siku moja ili watoto wakutane. Ukitoka hospitali bila chanjo, usiondoke bila kuuliza siku yenyewe, na iandikwe kwenye kadi.

Kwa nini BCG hutolewa mapema hivyo? Haimkingi mtu na kila TB maisha yote. Kwa mtoto mdogo inazuia ile TB mbaya zaidi, inayoshambulia utando wa ubongo au kusambaa mwili mzima. Pamoja nayo mtoto hupewa matone mawili ya polio mdomoni, na haya ya kuzaliwa yana mwisho wake: siku 14. Tusidhani polio ni hadithi ya zamani. Afrika ilithibitishwa mwaka 2020 kuwa haina tena kirusi cha asili cha polio, lakini Februari 2022 Malawi, jirani zetu hapa, wakatangaza mtoto aliyepata. Ndiyo maana mwaka ule watoa chanjo walipita nyumba kwa nyumba huku kwetu.

Inayofuata ni wiki ya 6. Hapa nilicheka mwenyewe. Wiki 6 ni siku 42. Yaani arobaini ikiisha leo, keshokutwa ni kliniki! Mila na kadi zinakaribia kukutana kabisa. Kinachobaki katikati ni safari moja tu ya zile chanjo za kuzaliwa.

Wiki ya 6 mtoto anachomwa penta, sindano moja yenye kinga tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kuna pia chanjo ya nyumonia, ya kuhara kwa rota, na polio. Penta hurudiwa wiki ya 10 na ya 14, kwa sababu dozi moja haitoshi kuujenga ulinzi wa mwili wa mtoto. Wapo wanaosema "ngoja kwanza akomae." Shida ni kwamba kifaduro huua zaidi watoto wa miezi ya mwanzo. Kikohozi ambacho wewe unakimaliza kwa tangawizi, kichanga kinaweza kumkata pumzi.

Na si kila chanjo inakimbizwa. Ya surua na rubella husubiri miezi 9. Mama humpa mtoto kinga yake akiwa bado tumboni, na kinga hiyo ikiwa bado na nguvu huidhoofisha chanjo. Hata hapo, dozi ya kwanza hukinga takriban watoto 85 kati ya 100, ndiyo maana kuna ya pili mwezi wa 18.

Homa ya siku moja au mbili baada ya penta ni kawaida. Kidonda kidogo cha BCG nacho hutokea baada ya wiki kadhaa. Usikikamue wala kukipaka kitu. Ila mtoto akipata degedege, akikataa kunyonya au homa isipokatika, mrudishe kituoni. Na kama mmechelewa, nendeni hivyohivyo. Dozi zilizopita hazianzi upya.

Kitu kilichonishtua alikiuliza rafiki yangu mwishoni: "Kwenye ile nyumba kuna mtu anatumia dawa za TB?" Yupo. Mjomba, mwezi wa tano wa dawa.

Nikapiga simu nyumbani. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, mtihani vipi?" Nikamweleza yote, taratibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nilihofia baridi na macho ya watu. Hili la mjomba mbona hamkuniambia? Ningemfunika nikampeleka mwenyewe." Kumbe wote tulimsikiliza mama, na hakuna aliyezungumza naye.

Walikwenda Alhamisi ile, mtoto ana siku 24. Muuguzi aliuliza kuhusu mjomba kabla ya kuchoma. Kwa kuwa makohozi yake yalishapimwa yakaonekana safi, BCG ikatolewa. Angekuwa ameanza dawa juzi, mtoto angeweza kupewa kwanza dawa ya kumkinga na TB, na BCG ikasubiri. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo akiwepo nyumbani, msifiche. Vilevile semeni kama mtoto ni njiti au mama anaishi na VVU.

Chanjo hizi kwenye vituo vya serikali ni bure, hazisubiri bumu. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tumeshamaliza, na miezi 9 nimeiweka kwenye simu ikiwa na mlio. Kwenye kadi, nafasi ya polio ya kuzaliwa ipo wazi mpaka leo. Hiyo haijazwi tena.