Steringi Hayupo, Acheni Kumtafuta

Kila nikiwaonyesha vijana wa hapa Chamwino katuni za Kijapani za maisha ya shule, swali ni lile lile: steringi ni nani? Kisha la pili: anapigana lini? Hapigani. Steringi hayupo, adui hayupo, na ukikaa kusubiri mlipuko utasinzia.

Kinachonikera zaidi ni dawa inayopigiwa debe mtaani: usijisumbue kuangalia yote, tafuta muhtasari wa dakika kumi uliosimuliwa kwa Kiswahili. Kwa filamu ya mapigano, sawa; nani kafa, nani kalipiza, umemaliza. Kwa katuni ya shule kama Azumanga Daioh ya Kiyohiko Azuma ni kutupa karanga ukatafuna maganda. Mchukue Sakaki, msichana mrefu, mkimya, anayependa paka kupindukia. Anamwona paka wa kijivu, ananyoosha mkono polepole, anang'atwa. Muhtasari utasema “anang'atwa na paka”. Ni kweli, ila kichekesho kiko wapi hapo? Mara ya kwanza unashtuka. Siku nyingine paka yule yule anatokea, mkono unasogea, nawe unacheka kabla ya meno. Baadaye paka hajafanya lolote, umeshacheka. Utamu uko kwenye kurudia na kusubiri, na hivyo ndivyo vinavyokatwa kwanza kwenye muhtasari. Kwenye toleo la kuchapishwa, kati ya 1999 na 2002, Azuma alikipima kicheko hicho kwa picha nne zilizopangwa juu kwenda chini: moja inafungua, ya pili inaendeleza, ya tatu inageuza, ya nne inafunga, pengine kwa uso ulioduwaa tu.

Wala msiniambie ni mambo ya kigeni. Wanafunzi wa Japani hufagia madarasa yao wenyewe. Aliyewahi kupangiwa zamu ya usafi huku mwenzake akijidai anatafuta ufagio hahitaji mkalimani. Na waliomsoma mtundu Madenge kwenye jarida la katuni la Sani hawakuuliza steringi. Walitaka kujua leo kafanya utundu gani.

Haya, upesi. Mwenye bando dogo aanze na Azumanga Daioh ya 2002: sehemu 26, zenye vipande vifupi vifupi. Mpenda muziki aende K-On! ya 2009, japo mabinti wa humo wanakunywa chai zaidi kuliko kufanya mazoezi. Wa vituko vya kupitiliza, Nichijou ya 2011. Anayechagua kitabu akisome kutoka kulia. Sehemu moja au mbili kwa siku zinatosha. Na ile spidi ya mara mbili, iacheni kwa ajili ya hotuba.