Hakupuuzi, Ubongo Wake Ndivyo Ulivyo

Shosti, tuseme wewe uko Iringa, mumeo anafanya kazi Mbeya. Kaahidi kuja Ijumaa. Umepika, umejipamba, saa moja usiku anapiga simu: eti basi limemwacha! Mwezi uliopita kasahau ada ya mtoto. Mashosti wanakwambia ana nyumba ndogo.

Huenda wamekosea. Kuna hali inayoitwa ADHD. Wengi wanaijua kama utundu wa watoto, na kweli daktari George Still aliwaeleza wenzake London kuhusu watoto wa namna hiyo tangu 1902. Lakini wengi hukua nayo. Kurukaruka hupungua, kusahau, kuchelewa na kuropoka vinabaki. Si uvivu, wala si ujinga. Ubongo unapata taabu kuelekeza umakini pale unapotakiwa, ndiyo maana mtu huyohuyo anakesha akitengeneza redio mbovu, halafu anasahau kununua umeme. Mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo mtazame pia mwanao anayechapwa kila siku kwa kutotulia darasani.

Usimpachike jina wewe mwenyewe, lakini. Apimwe na mtaalamu wa afya ya akili. Kwa Mbeya aulizie Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Dalili lazima ziwe zilianza kabla ya miaka 12, hivyo muulize mama mkwe: alikuwaje shule ya msingi? Zipo dawa, upo pia ushauri nasaha. Nyumbani, “usisahau” haisaidii kitu. Wekeni kengele ya simu, tiketi ikatwe mapema.

Ila akikudanganya, hiyo si ADHD.