Hedifoni za mgongo wazi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa hedifoni nyepesi yenye mito ya sifongo ya manjano, ikaiita HD 414. Kabla yake hedifoni zilikuwa vikombe vizito vilivyoziba sikio lote. Hii ilikuwa na matundu mgongoni, sauti ikatoka nje bila kizuizi, na watu waliinunua kwa mamilioni. Baada yake zikaja nyingine nyingi za aina hiyo: DT 990 ya Beyerdynamic kutoka Heilbronn, K701 ya AKG kutoka Vienna, na HD 600 ya mwaka 1997 ambayo hadi leo ipo madukani.

Zimekuwa zana za kazi kwa maprodyuza, wahariri wa sauti na watu wanaopenda kusikiliza muziki kwa makini. Pamoja nazo huja maneno. Anayeuza yake humwambia anayenunua, naye humwambia wa tatu, na hakuna aliyekaa kulipima neno lenyewe. Hili linaniuma, kwa sababu wapo vijana wanaojinyima ili wanunue amplifaya wasiyoihitaji, huku hedifoni walizonazo zimechakaa mito tu.

“Mgongo umeachwa wazi ili usikie yanayotokea chumbani.” Si kweli.

Kusikia ya chumbani ni hasara inayovumiliwa. Shabaha ni nyingine. Kiwambo kinachotoa sauti hutetemeka mbele na nyuma, kwa hiyo kila sauti huzaliwa pande mbili kwa wakati mmoja: moja huelekea sikioni, nyingine mgongoni. Kikombe kikizibwa, ile ya mgongoni haina pa kwenda. Hugonga ukuta wa plastiki, hurudi, hupenya kwenye kiwambo na kufika sikioni ikiwa imechelewa kidogo. Mwimbaji husikika kama aliyetia kichwa ndani ya pipa. Watengenezaji wa hedifoni zilizozibwa hupambana na tatizo hili kwa kujaza sifongo na pamba ndani ya kikombe, na wengine hufaulu. Mgongo ukiwa wazi, sauti ile huenda zake na vita haipo.

Kwa hiyo mwenye HD 600 akikwambia muziki “una nafasi”, anaeleza jambo la kweli. Chukua taarabu iliyorekodiwa vizuri, yenye ganuni na fidla kadhaa. Kwenye hedifoni za namna hii kila uzi wa ganuni husikika ulipodonolewa na ulipozimika, na fidla hazirundikani pamoja. Mimi sijasikia zilizozibwa za bei ileile zikilifanya hilo vizuri kiasi hicho.

Hasara yake ni kubwa, na inapaswa kusemwa waziwazi. Aliyekaa karibu nawe atasikia unachosikiliza, nawe utasikia feni, jenereta na pikipiki zinazopita nje. Mwimbaji akizivaa mbele ya maiki nyeti, biti itavuja na kuingia kwenye rekodi, na kuitoa baadaye ni kazi ngumu isiyokuwa na matokeo mazuri. Kurekodi sauti ya mtu ni kazi ya zilizozibwa, DT 770 ya Beyerdynamic kwa mfano.

“Hazina besi.” Nusu kweli.

Sauti ya mbele na ile ya mgongoni zinapingana, na katika besi ya chini kabisa hukutana na kufutana. Ndiyo maana HD 600 hushuka taratibu kadiri besi inavyozidi kwenda chini. Gitaa la besi utalisikia vizuri, lakini ule mvumo wa chini kabisa wa biti za kisasa utaupata kwa uchache. Hata hivyo DT 990 iliundwa ikiwa na besi iliyoongezwa, na zile zenye kiwambo tambarare kinachosukumwa na sumaku kwenye eneo lake lote, kama Sundara ya Hifiman, hufika chini bila kulegea. Anayesema hazina besi amesikia moja, akazihukumu zote.

Kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Hedifoni iliyozibwa hutegemea mto kushikana na ngozi pande zote. Mtu wa miwani, mwenye rasta au mwenye mtandio kichwani huacha upenyo, na besi hutoroka pale. Mgongo wazi wenye kiwambo cha kawaida huvumilia upenyo huo zaidi, kwa sababu uliundwa ukijua kwamba hewa inatoka. Dada anayefanya uhariri wa sauti akiwa na hijabu yake ana sababu nzuri ya kuzijaribu hizi kwanza.

“Bila amplifaya hazilii.” Mara nyingi si kweli.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Neno hili limetokana na tarakimu ya omu. HD 600 ina ukinzani wa omu 300. DT 990 Pro inayojulikana zaidi ina 250. Watu huiona tarakimu kubwa wakadhani kwamba mzigo ni mzito. Lakini omu peke yake haisemi hedifoni italia kwa nguvu gani. Kinachosema ni hisivu yake, yaani sauti inayotoka kwa umeme kiasi fulani. Sennheiser huandika kwamba HD 600 hutoa desibeli 97 ikipewa volti 1. Beyerdynamic huandika kwamba DT 990 Pro hutoa desibeli 96 kwa miliwati 1, na kwa omu 250 miliwati hiyo inahitaji nusu volti tu. Kompyuta nyingi na kadi nyingi za sauti za studio zinafika hapo bila msaada.

Sasa itazame HE-6 ya Hifiman. Ina omu 50, na kwa anayesoma omu peke yake hiyo ni rahisi kuiendesha. Hisivu yake ni desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Kuifikisha pale DT 990 Pro inapofika kwa miliwati 1, unahitaji karibu mara 18 ya nguvu hiyo. Hiyo ndiyo inayodai amplifaya, na omu zake ni chache.

Basi kipimo ni hiki: chomeka ulichonacho, weka muziki wako wenye sauti ndogo kuliko wote, ongeza sauti mpaka ikutoshe. Ukifika kwenye theluthi mbili na umetosheka, amplifaya haitakuongezea chochote cha kukulipa fedha zako. Ukifika mwisho na bado unataka zaidi, kama inavyotokea kwenye simu dhaifu na rekodi za okestra zenye vipande vya kimya, hapo ina maana.

Jambo moja wanalosema wenye amplifaya za taa (valvu) nalikubali. Husema HD 600 na ndugu yake HD 650 “hupata joto” zikichomekwa kwenye mashine hizo. Ni kweli, na sababu yake inapimika. Ukinzani wa hedifoni hizi haubaki kwenye omu 300. Kwenye besi huzidi 400. Amplifaya yenye ukinzani mkubwa kwenye tundu lake, kama zilivyo baadhi ya hizo za taa, huipa volti nyingi zaidi sehemu ile yenye omu nyingi, na besi huinuka. Ikwalaiza ya bure hufanya kazi hiyohiyo.

“Zinahitaji kuchezeshwa saa 100 kabla ya kuzihukumu.” Si kweli.

Kiwambo hakijifunzi kuimba. Kinachobadilika katika wiki za mwanzo ni vitu viwili: mito inalainika na kulala, na ubongo wako unauzoea mlio mpya. Vyote viwili vina nguvu. Sogeza kikombe kidogo tu kichwani, mbele au nyuma, na sauti za juu zitabadilika kwa kiasi unachoweza kukisikia papo hapo. Mto ukipungua unene, umbali kati ya kiwambo na sikio hupungua, na mlingano wote wa sauti husogea nao.

Ndiyo maana simwamini sana anayesema hedifoni yake ya miaka sita “imekomaa”. Aghalabu mito yake imekuwa bapa na sikio linagusa sifongo iliyo ndani. Mwenye zilizochakaa na mwenye mpya wanabishana juu ya jina moja huku kila mmoja akisikiliza kitu tofauti. Unaponunua zilizotumika, hesabu bei ya jozi mpya ya mito humo humo, kisha ndipo uamue kama zinakufaa.

“Zikikubana siku ya kwanza, si saizi yako.” Si kweli.

HD 600 mpya hubana. Upinde wake una chuma ndani, na wenye nazo huurefusha nje ya kikombe, wakaukunja taratibu kwa mikono kuelekea nje, kidogo kidogo, wakijaribu kichwani kila mara. Wengine huzivisha kwenye rundo la vitabu usiku kucha. Njia zote mbili zinafanya kazi, mradi usiharakishe. Usipitilize, kwa sababu ikilegea mno mito haitakaa na sauti itaharibika pamoja na raha.

Uzito nao husemwa kijuujuu. HD 600 ina gramu 260 hivi, na ATH-R70x ya Audio-Technica ina 210. Hizo utazivaa mchana kutwa. LCD-2 ya Audeze huzidi 500, na shingo italitambua hilo kabla ya masikio. Lakini wepesi bila mgawanyo mzuri haukusaidii. K701 haikuwa nzito, ila upinde wake wa ngozi ulikuwa na vinundu vilivyochimba utosi, na wamiliki walilalamika sana. K712 Pro ya baadaye ilikuja na upinde usio na vinundu.

Na joto? Mgongo wazi hupitisha hewa, lakini kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja habari kubwa ni mto. Ngozi bandia hukusanya jasho, na unyevu wa pwani huivunjavunja mpaka ibanduke magamba meusi shingoni. Mahameli hukaa baridi zaidi na hudumu, ila hunywa jasho. Yavue yafuliwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, yaanikwe kivulini.

“Ukizifungua na kuzirekebisha utapata hedifoni ya bei kubwa.” Kweli kwa nadra.

Mfano ambao kila mpenzi wa marekebisho anaujua ni T50RP ya Fostex, kampuni ya Japani. Ni nusu wazi, ina kiwambo tambarare kizuri sana ndani ya vikombe vya plastiki ambavyo havikifai. Watu walianza kupaka udongo wa kufinyangia kwenye kuta za ndani ili plastiki isitetemeke, wakaweka pamba ya kumeza mrudio, wakaziba matundu kwa utepe ili kuitawala besi, kisha wakafunga mito minene zaidi. Matokeo yalikuwa makubwa kiasi cha kuzaa biashara. Dan Clark aliuza T50RP alizozirekebisha kwa jina la Mad Dog. Zach Mehrbach wa ZMF naye alianzia kwenye hedifoni hiyohiyo. Baadaye wote wawili walihamia kwenye hedifoni zao wenyewe.

Ilifaulu kwa sababu kasoro ilikuwa kwenye nyumba, na kiwambo kilikuwa kizima. Hali hiyo ni adimu. Ukiifungua hedifoni ambayo watengenezaji wake walikwisha kuisawazisha, uwezekano mkubwa ni kuiharibu. Mito ya kampuni nyingine nayo ni marekebisho, hata kama aliyekuuzia hakukwambia: mahameli yakibadilishwa kwa ngozi, mlio hubadilika.

DT 990 ina ukali unaojulikana karibu na hezi 8,000, ambapo herufi “s” huchoma. Wengine hubandika karatasi laini au kitambaa mbele ya kiwambo. Ningeanza na ikwalaiza, Equalizer APO kwenye Windows kwa mfano, ambayo haigharimu chochote: shusha eneo hilo desibeli 4 au 5 usikilize. Ukikosea, unafuta.

Waya ni habari fupi. Ukikatika, au ukiwa wa kujikunja unaokuvuta kichwa kama ule wa DT 990 Pro, badilisha au mpe fundi mwenye mkono mzuri aufungie tundu. Usiubadilishe ukitafuta sauti bora. Mita 3 za shaba zina omu 1 au 2 mbele ya omu 250 za hedifoni.

“Ni salama zaidi kwa masikio kwa sababu sauti haifungiwi.” Si kweli, na ni neno la hatari.

Sikio hupokea desibeli, iwe mgongo uko wazi au umezibwa. Shirika la Afya Duniani linaweka kiasi salama kwa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa hizo hushuka hadi 4. Hedifoni za mgongo wazi hazizuii kelele, kwa hiyo anayefanya kazi penye feni, barabara au jenereta hupandisha sauti ili aishinde kelele hiyo, na hupita kikomo bila kuhisi. Prodyuza aliyepoteza masikio hana zana nyingine ya kununua. Zima feni wakati wa kumiksi, funga dirisha, au fanya kazi hiyo usiku mtaa ukiwa umetulia. Masikio yakivuma baada ya kuzivua, ulizidisha: kesho anza na sauti ndogo kuliko ya leo.