Seva nyingi, mafundi wachache

Kila mwezi wauguzi wa vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hujaza karatasi za ripoti: akina mama waliojifungua, wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa surua. Karatasi hupelekwa ofisi kuu ya zoni ya afya, na kutoka hapo tarakimu huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara ya afya ya nchi. Kasongo haikuanza leo kuhesabu watoto wake. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa hapa hapa. Enzi hizo daftari lilifungiwa kabatini. Sasa limo ndani ya seva, na seva isiyo na mtu wa kuitunza huweza kupoteza mwaka mzima wa kazi kwa usiku mmoja.

Siku hizi seva moja ya chuma hubeba mashine pepe kadhaa, kila moja ikijiona kompyuta kamili. Tangu 2007 uwezo huo umo ndani ya Linux yenyewe kwa jina la KVM, na kuna njia nyepesi zaidi, kontena, ambazo hugawana Linux moja. Vifaa vya kusimika DHIS2 hutumia kontena: moja ya kupokea wageni kutoka intaneti, moja ya hifadhidata, moja ya DHIS2, moja ya kufuatilia afya ya mfumo. Fundi haziundi moja moja kwa mkono. Huandika katika faili majina ya kontena na kumbukumbu ya kila moja, kisha programu ya Ansible husoma faili, hulinganisha na hali iliyopo, na hurekebisha penye tofauti tu. Ukiiendesha tena kesho, palipo sawa haigusi.

Hoja yangu ni kwamba vifaa hivi vinahitajika zaidi pale mafundi walipo haba kuliko pale walipo tele. Penye mafundi kumi, akihama mmoja wamebaki tisa. Penye mmoja, akihama ameondoka na maarifa yote, isipokuwa yale aliyoyaandika, na faili ya Ansible ni maandishi yanayotenda kazi.

Wapo wanaosema kosa moja la kiotomatiki husambaa kwenye mashine zote kwa dakika. Ni kweli, na ni hatari kubwa; ndiyo maana Ansible ina namna ya kuonyesha itakachobadilisha kabla ya kugusa chochote, na mashine pepe hunakiliwa ili jaribio lifanyike kwenye nakala. Kosa la mkono, kwa upande wake, halionekani mpaka siku ya msiba. Wengine wanaogopa gharama, na hofu yao ina msingi: kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware, watengenezaji wa programu za mashine pepe, mwaka 2023, iliacha kuuza leseni za kudumu, yakabaki malipo ya kila kipindi. Lakini KVM, Ansible na Proxmox, mfumo wa kusimamia mashine pepe, ni huria.

Pingamizi zito ni kwamba seva ya chuma ikiungua, mashine pepe zote huungua nayo. Hapo otomatiki peke yake haitoshi. Nakala ya hifadhidata lazima itumwe kila usiku kwenye mji mwingine, na mara kwa mara irejeshwe kwenye mashine tupu, mbele ya mtu wa zoni ya afya anayejua mwezi uliopita Kabambare iliripoti watoto wangapi.