Mloweko, Mchemsho na Kiziduo: Istilahi za Dawa za Mimea za Kutuliza

Tulipofika Mnyambe, katika uwanda wa juu wa Makonde wilayani Newala, tulikaribishwa uani kwa bibi mmoja aliyekuwa akichambua majani ya mchaichai. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, tulimwuliza huichemsha kwa muda gani dawa yake ya kutuliza. Akatusahihisha papo hapo: "Wajukuu zangu, majani haya hayachemshwi. Yanamiminiwa maji ya moto, yanafunikwa, basi. Kinachochemshwa ni mizizi." Kisha akatuonyesha chupa ndogo aliyoletewa kutoka mjini. Kibandiko chake kilisema tu kwamba ni dawa ya mchaichai na kwamba hutuliza. Bibi alitaka kujua kama kijiko kimoja cha dawa ile ni sawa na kikombe chake kimoja. Hatukuweza kumjibu, kwa sababu maneno ya kibandiko hayakutosha kumjibu mtu yeyote.

Swali lile ndilo linalotufanya tuandike makala haya. Dawa ya mmea yahitaji kutajwa kwa mambo mawili: jinsi ilivyotengenezwa, na kazi inayotarajiwa kuifanya mwilini. Katika matumizi ya siku hizi mambo yote mawili hufunikwa na neno moja tu, "dawa".

Tuanze na utengenezaji. Majani au maua yakimiminiwa maji ya moto na kuachwa kwa muda, twapendekeza kinywaji hicho kiitwe mloweko, kutokana na kitenzi loweka. Mizizi au magamba yakitokoswa motoni, tunalo tayari neno mchemsho. Mvuke ukipitishwa katika majani kisha ukapozwa ili kupata mafuta, kazi hiyo ni kukeneka. Na mafuta ya mchaichai hupatikana kwa njia hiyo. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sitrali, ndiyo iyapayo harufu ya limau.

Njia ya nne ni kuuloweka mmea katika maji au spiriti, kuchuja, kisha kuupunguza umajimaji hata yabaki machache yenye nguvu nyingi. Wako wanaokiita kitu hicho dondoo. Lakini kudondoa ni kuokota kimoja kimoja, kama kuku adondoavyo punje. Ndiyo maana neno hilo limefaa sana kwa vifungu vilivyochaguliwa kutoka katika maandishi. Kuzidua ni kukitoa kitu kilichomo ndani ya kingine, na neno uziduaji limekwisha kuzoeleka katika habari za madini na gesi. Kwa hiyo twapendelea kiziduo. Msomaji akiliona neno hilo atambue kwamba kilichomo chupani kimekolezwa, na kwamba kipimo chake hakiwezi kukisiwa kwa kikombe.

Sasa tuingie katika kazi ya dawa mwilini. Kitenzi tuliza hubeba mizigo mingi. Twasema kutuliza maumivu, kutuliza tumbo, kutuliza moyo, hata kutuliza ghasia. Mgonjwa aambiwaye "hutuliza" aweza kudhani ataondolewa kichwa kinachomwuma, au atalala usingizi, au ataondokewa na hofu. Mchaichai wenyewe ni mfano mzuri. Nchini Brazili, ambako mloweko wake husifiwa kwa kuleta usingizi, wataalamu walitoa mwaka 1986 matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu wazima wenye afya. Watu 50 walipimwa usingizi wao, na wengine 18 wenye tabia ya wasiwasi walipimwa hofu yao. Mchaichai haukuonekana kuzidi kile walichopewa kwa kulinganisha. Wala haukuonekana kuwa na sumu. Twaweza basi kuusifu kwa haki kuwa ni kinywaji kiburudishacho, chenye harufu nzuri na joto la kupendeza jioni. Kuuita dawa ya usingizi ni kusema zaidi ya yaliyothibitishwa.

Upande wa pili uko mmea wa India uitwao kitaalamu Rauvolfia serpentina, wa ukoo mmoja na msesewe ambao magamba yake hutiwa katika mbege huko Kilimanjaro. Mwaka 1952 wataalamu wa Uswisi walizidua reserpini kutoka katika mizizi ya mmea huo wa India. Dawa hiyo ilituliza kwelikweli: ilitumiwa kwa wagonjwa wa akili na wa shinikizo la damu. Lakini yaweza pia kuishusha damu kupita kiasi na kumtia mtu huzuni nzito. Vitu hivi viwili, kikombe cha majani na kiziduo cha mizizi, vyote huitwa "dawa ya kutuliza". Hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa kufuata mfano wa kinasasauti na kipimajoto, twapendekeza kitulizamaumivu, kitulizawasiwasi na kiletausingizi. Dawa impotezeayo mtu fahamu kwa ajili ya kupasuliwa ibaki na jina lake lililozoeleka, nusukaputi.

Utafiti wa dawa za asili ulianzishiwa kitengo chake Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Lugha nayo haina budi kufuata. Kibandiko kiseme mmea gani, sehemu gani, mloweko au kiziduo, kwa maji au kwa spiriti, na kipimo chake. Habari ya spiriti yamhusu mama wa mtoto mchanga, na yamhusu pia mtu ambaye dini yake yamkataza pombe. Na mwenye kutumia dawa za hospitali amweleze mganga wake jina kamili la kile anywacho nyumbani.

Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa kutoka katika lugha zetu za kusini, twawaomba watuletee. Bibi wa Mnyambe alikwisha kutenganisha kuloweka na kuchemsha kabla yetu, naye angali anangoja jibu la swali lake.